Fahamu: Homoni za ukomo wa hedhi zinapovuruga hisia

Novemba 2025, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitangaza kuondoa maonyo makali yaliyowekwa kwenye tiba ya homoni baada ya matokeo ya 2002 ya WHI, utafiti wa afya ya wanawake. Kwa mama wa Afrika Mashariki mwenye miaka 40 na ushei anayeishi Burnsville, Minnesota, linabaki swali: mbona wengine wakianza dawa hulia au kukasirika ovyo?

Kati ya homoni mbili za tiba hiyo, mara nyingi inayoshukiwa si estrojeni bali projestojeni, ambayo mwenye mji wa mimba anayetumia estrojeni huihitaji ili ukuta wake usinenepe na kuleta saratani. Kwa hiyo tafadhali, usiiache kimyakimya huku ukiendelea na estrojeni. Mwombe daktari abadili aina au kipimo: projesteroni inayofanana na ya mwilini, inayomezwa usiku kwa kuwa huleta usingizi, huwafaa baadhi; wengine, kitanzi chenye homoni. Andika tarehe za dawa na hali yako, maana homoni zako mwenyewe nazo hupanda na kushuka, na baridi ndefu ya Minnesota huweza kuzidisha huzuni. Ukiwaza kujidhuru, piga simu ya msaada, 988, saa yoyote.