Baa ya mgeni Pattaya

Baa ndogo za Pattaya, mji wa pwani ya Thailand ulio karibu saa mbili kwa gari kutoka Bangkok, zinafanana sana. Kaunta ya pembe nne, viti virefu, meza ya pool, na kengele inayoning'inia juu ya kaunta. Mteja akiigonga, amewanunulia kinywaji wote waliopo. Mbele ya kila mteja kuna kikombe kidogo, na kila bia inapoletwa, karatasi ya bili hukunjwa na kutumbukizwa humo. Kwa miaka mingi wageni kutoka Uingereza, Ujerumani, Australia na kwingineko wamekuwa wakizinunua baa hizi, mara nyingi baada ya likizo moja au mbili. Wanachokinunua hasa ni makaratasi matatu: hisa za kampuni, mkataba wa pango na leseni ya pombe. Ni kawaida kukuta yote matatu yameandikwa jina la mtu mwingine.

Sheria ya Biashara za Wageni ya mwaka 1999 inaihesabu kampuni kuwa ya kigeni wageni wanapomiliki nusu ya hisa au zaidi. Kuuza vyakula na vinywaji ni miongoni mwa biashara ambazo kampuni ya kigeni haiwezi kuzifanya bila kibali maalumu. Ndiyo maana mgeni huishia kwenye asilimia 49. Wamarekani pekee wana nafuu kubwa, kwa sababu ya Mkataba wa Urafiki uliotiwa saini mwaka 1966.

Asilimia 51 inayobaki ndiyo inayozaa balaa. Wapo mawakala wanaomtafutia mgeni Wathai wa kujaza fomu, watu ambao hawakutoa hata senti na wala hawaijui baa ilipo. Sheria inalitaja hilo kuwa kosa: kifungo hadi miaka 3, au faini ya baht 100,000 hadi 1,000,000, au vyote viwili, na Mthai aliyeazimisha jina anaadhibiwa sawa na mgeni. Wengine huandikisha hisa kwa jina la mpenzi wao. Mapenzi yakiisha, mgeni hana pa kushika, kwani akienda mahakamani kudai kwamba hisa zile ni zake, anakuwa amekiri mwenyewe kosa la jinai. Fikra ya kulinda biashara ndogo za wananchi si ya Thailand peke yake. Tanzania nayo, Julai 2025, iliwapiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na raia anayewasaidia kuzifanya ana adhabu yake.

Kumiliki hisa, hata kihalali, hakumpi mtu ruhusa ya kufanya kazi. Mgeni anayemimina bia au kupokea pesa kwenye baa yake mwenyewe bila kibali cha kazi anaweza kutozwa faini na kurudishwa kwao. Na kibali hakiji bure: kwa kawaida kampuni hutakiwa kuwa na mtaji wa baht milioni 2 na wafanyakazi wanne Wathai kwa kila mgeni mmoja. Kwa baa yenye viti kumi na tano huo ni mzigo mzito.

Baada ya kampuni kuna jengo. Mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi, hivyo anapanga. Mpangaji anayeondoka humdai anayeingia malipo ya mkupuo, kile ambacho wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, wangekiita kilemba cha fremu, na kiasi hicho kinaweza kuzidi kodi ya mwaka mzima. Mkataba wa zaidi ya miaka 3 usiposajiliwa ofisi ya ardhi hauna nguvu baada ya miaka hiyo 3. Mpangaji pia hawezi kumpangisha mwingine bila mwenye nyumba kuridhia. Kwa hiyo aliyelipa kilemba kikubwa katika mwaka wa mwisho wa mkataba amenunua miezi michache tu, na kodi mpya itapangwa na mwenye nyumba anayeona jinsi baa inavyojaa.

Leseni ndiyo inayopuuzwa zaidi, na ndiyo yenye roho za watu ndani yake. Mbali na leseni ya pombe, Sheria ya Sehemu za Burudani ya mwaka 1966 inadai leseni maalumu kwa kumbi za muziki na densi. Wengi huikwepa kwa kujiandikisha kama mgahawa. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Agosti 2022 ukumbi wa Mountain B, wilayani Sattahip, si mbali na Pattaya, uliwaka moto na kuua watu zaidi ya 20. Nao ulikuwa umeandikishwa kama mgahawa, na sponji ya kuzuia sauti kwenye kuta iliusambaza moto kwa kasi. Mmiliki alikamatwa. Mgeni anayerithi ukumbi wa aina hiyo kutoka kwa muuzaji anarithi pia sponji, milango michache na kesi itakayokuja.

Hata karatasi zikiwa safi, mapato hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Watalii hujaa kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili; mvua zikianza, kaunta inabaki na wafanyakazi wanaoangaliana, huku kodi ikidaiwa ileile. Katika sikukuu kubwa za Kibudha na mkesha wa uchaguzi, uuzaji wa pombe hupigwa marufuku au kubanwa. Kisha likaja lisilotabirika, janga la UVIKO-19. Mwaka 2019 Thailand ilipokea watalii karibu milioni 40. Mwaka 2021 hawakufika nusu milioni. Baa zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kwa muda, zikafungwa tena Aprili 2021, na ruhusa rasmi ya kufungua ikaja tarehe 1 Juni 2022. Wasio na akiba nje ya baa hawakuweza kungoja.

Hesabu za ndani nazo zinataka jicho. Karatasi moja ikichomolewa kwenye kile kikombe, bia moja imenywewa bure, na mmiliki asiyesoma Kithai wala kukaa kaunta usiku kucha hatajua. Muuzaji wa baa naye mara nyingi hana vitabu vilivyokaguliwa, ila daftari na maneno.

Anayetaka kununua na aende Septemba, si Desemba. Akae kwenye viti vile usiku kadhaa akihesabu wateja. Amlipe wakili asiye wa muuzaji ausome mkataba wa pango kwa Kithai, kisha amuulize mwenye nyumba mwenyewe, si wakala, miaka mingapi imebaki.