Jinja: Maji yaleyale, biashara mbili

Lori linalotoka Mombasa kwenda Kampala, likishapita Malaba au Busia, huvuka Mto Nile pale Jinja. Tangu Oktoba 2018 linapita juu ya daraja jipya lenye urefu wa mita 525. Kabla ya hapo lilipita juu ya ukuta wa bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 1954. Wengi wetu tukifika hapo huwaza foleni ya Kampala, bei ya mafuta na mteja anayesubiri mzigo. Mto wenyewe hatuutazami.

Lakini kuna wageni wanaopanda ndege kutoka Ulaya, Marekani na New Zealand kuufuata mto huohuo. Wanachokuja kulipia ni maji yanayoanguka. Huyateremka wakiwa ndani ya kayaki, na kila wanapokaa huacha fedha: kitandani, mezani, kwa mwenye bodaboda na kwa kijana anayewabebea vyombo kupanda ukingo wa mto.

Biashara hii ina jambo la kumfundisha kila mfanyabiashara, kwa sababu mtaji wake unaonekana kwa macho, na sehemu kubwa ya mtaji huo imeshaliwa.

Chombo na maji yake

Kayaki za maji ya kasi ni mitumbwi midogo ya plastiki ngumu, ya mtu mmoja, iliyofunikwa juu. Zile za kushukia mito ya mawe huwa na urefu wa mita mbili na nusu hivi na uzito wa kilo 20 au zaidi kidogo. Mpigakasia hukaa ndani, miguu imenyooshwa mbele, na kiunoni huvaa sketi ya mpira inayobana mdomo wa chombo ili maji yasiingie. Kasia lake lina bapa pande zote mbili. Akipinduka hakimbilii kutoka. Hukizungusha chombo kwa kiuno na kasia mpaka kichwa kirudi juu ya maji. Hilo hufundishwa mapema kabisa, tena kwenye maji yaliyotulia.

Mito haifanani. Chukua Mathioya, unaoshuka kutoka milima ya Aberdare kupitia Kaunti ya Murang'a nchini Kenya mpaka kuingia Mto Tana. Huo ni mto mwembamba wa mlimani, wenye mawe mengi, unaotegemea mvua. Katika mito ya namna hiyo maji hushuka kama mtu anayeshuka ngazi. Mahali pengine huteleza juu ya mwamba laini, mahali pengine hufika kwenye ukingo wa jiwe na kuanguka ghafla.

Kwenye mwamba wa kuteleza, kazi ni kukiweka chombo sawasawa na mkondo. Kikikaa kiubavu kitagonga jiwe na kupinduka, na anayepinduka kwenye maji ya kina cha futi moja hukutana na mwamba kwa bega au kwa uso. Ndiyo maana hakuna anayeingia bila kofia ngumu.

Kwenye ukingo, hatari kubwa mara nyingi haipo kwenye urefu. Ipo chini, pale maji yanapoanguka, yakajikunja na kurudi nyuma. Chombo kinachozamisha pua hapo kinaweza kushikwa na kugeuzwageuzwa bila kuachiwa. Kwa hiyo mpigakasia mzoefu hutafuta sehemu ambayo maji yanaendelea mbele, hupiga kasia moja la nguvu akiwa mdomoni mwa ukingo, huinua pua na kutua mbele ya mkunjo huo.

Nile ya Jinja ni kitu kingine. Maji yanayotoka Ziwa Viktoria ni karibu mita za ujazo 1,000 kwa sekunde. Mita moja ya ujazo ni tani moja, kwa hiyo piga hesabu ya malori zaidi ya 30, kila moja na mzigo wa tani 28, yakipita mbele yako kila sekunde, usiku na mchana. Kina ni kirefu, hivyo kugonga jiwe si hofu ya kwanza. Hofu ni nguvu ya maji yenyewe. Ila maji hayo ni ya uvuguvugu mwaka mzima, na ziwa huyafanya yasikauke kiangazi. Mito ya Ulaya inapokuwa baridi kali, kuanzia Desemba hadi Februari, Jinja hupata msimu mzuri.

Kagua kwanza

Katika mto wa mlima na katika Nile, sheria ya kwanza ni moja: usishuke usipopaona. Wapigakasia husimama juu ya poromoko, hutoka kwenye vyombo na kutembea ukingoni. Hutazama maji yanaingilia wapi, yanajikunja wapi, mahali gani nyuma ya jiwe pametulia pa kupumzikia, na mtu akipinduka atasukumwa kuelekea wapi. Mmoja hubaki chini na kamba ya kuokolea. Baada ya hapo kila mtu huamua mwenyewe. Anayeona leo si siku yake hubeba kayaki begani na kuzunguka kwa miguu, na hakuna wa kumcheka.

Maporomoko hupimwa kwa daraja za kimataifa kuanzia 1 hadi 6, na 6 ni mahali ambapo hata bingwa huweka roho mkononi. Poromoko la Itanda, ukifuata mto kaskazini mwa Jinja, liko katika daraja za juu. Kampuni zinazoshusha watalii kwa boti za mpira huwapitisha nchi kavu kwenye sehemu yake mbaya zaidi.

Mtaji ulioliwa

John Hanning Speke alipofika mwaka 1862, aliyakuta maji yakitoka ziwani kwa maporomoko aliyoyaita Ripon. Leo hayapo. Bwawa la Owen Falls, linaloitwa sasa Nalubaale, liliyafunika baada ya kujengwa mwaka 1954. Mwaka 2011 maji ya bwawa la Bujagali yalifunika maporomoko ya Bujagali, yaliyokuwa yakivuta watalii na yenye heshima ya kimila kwa Wasoga. Bwawa hilo la megawati 250 lilizinduliwa mwaka 2012. Mwaka 2019 likafuata Isimba, megawati 183, na ziwa lake likameza mawimbi ambayo wapigakasia wa dunia nzima walikuwa wakiyafuata.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Umeme wa Jinja umevuka mpaka kwenda Kenya tangu miaka ya 1950, na leo Uganda huuza umeme kwa majirani. Fundi wa kuchomelea na mwenye mashine ya kusaga wanauhitaji kuliko wanavyohitaji wimbi la kuchezea.

Lakini biashara hizi mbili zina tofauti moja. Umeme unaweza kupatikana pia kwa jua, upepo au joto la ardhini kama pale Olkaria. Poromoko halina pengine pa kutoka. Likishafunikwa, mwongozaji, mpishi na mbeba kayaki wa kijiji kile wanaanza maisha upya, na ujuzi wa miaka mingi wa kusoma mwamba fulani unabaki chini ya maji pamoja na mwamba wenyewe.

Waliokubali Bujagali ijengwe walilijua hilo. Katika makubaliano ya mwaka 2007 na Benki ya Dunia, Serikali ya Uganda iliahidi kwamba eneo la Kalagala litahifadhiwa na halitajengwa bwawa la umeme. Kalagala na Itanda ni maporomoko ya sehemu moja ya mto, moja likiwa upande wa Kayunga na jingine upande wa Jinja. Isimba ilipokuja, ziwa lake liligusa sehemu ya eneo hilo, na makubaliano yakabidi yaandikwe upya na eneo la hifadhi kupanuliwa. Kwa hiyo ahadi ipo, na tayari imewahi kusogezwa mara moja.

Mfanyabiashara anaielewa hali hii bila kuelezwa. Faida unaweza kula, na mwezi ukiwa mgumu unaweza kumega mtaji. Ukiumega mara tatu, unachobaki nacho ndicho duka lote. Kwa wanaoishi kwa maporomoko ya Jinja, kilichobaki ni kipande cha mto kati ya Bujagali na ziwa la Isimba, na Itanda ndiyo moyo wake.

Safari ijayo, ukiwa na nusu siku ya kusubiri mzigo, chukua bodaboda uende Itanda. Simama ukingoni kama wanavyosimama wapigakasia kabla ya kushuka, utazame maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Kukagua si lazima kuishie kushuka.