Mgao wa Duara: Nani Alipwe Zaidi Katika Dhahabu ya Geita?

Mawe yakishatolewa shimoni, kabla hayajafika kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, viroba hupangwa chini na kuhesabiwa mbele ya wote. Hivi vya mwenye leseni, hivi vya mwenye duara, yaani shimo, hivi vya wachimbaji. Katika machimbo mengi madogo ya Geita na Shinyanga hakuna mshahara wa mwezi, kuna mgao. Viwango hutofautiana kati ya eneo na eneo, lakini mgawanyo uliozoeleka ni takribani asilimia 30 kwa mwenye leseni, 40 kwa mwenye duara anayegharimia matimba, pampu na chakula, na 30 kwa walioshuka chini.

Wakati maofisini watu wanabishana kama mfanyakazi hodari atunukiwe fedha au apewe cheti na kupigiwa makofi siku ya Mei Mosi, uchimbaji mdogo ulishachagua upande. Duara likitema dhahabu, wote wanapata. Likiwa kavu, hakuna anayepata. Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba viroba vinaonekana. Tuzo ya mtu haitegemei kupendwa na bosi, na anayetuzwa ni kundi zima. Usukumani jambo hilo si geni: vikundi vya bugobogobo vililima mashamba ya watu kwa ngoma, majembe yakipanda na kushuka pamoja, na ujira ukaenda kwa kikundi.

Lakini dhahabu huhitaji mizani, na kwa miaka mingi mizani ilikuwa chumbani kwa mnunuzi. Mwanzoni mwa 2019 serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Machi mwaka huohuo soko la madini la Geita likafunguliwa, la kwanza nchini Tanzania. Humo dhahabu hupimwa hadharani, bei hufuata soko la dunia, na muuzaji anajua anachokatwa, ukiwamo mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Wizara ya Madini imetaja mchango wa wachimbaji wadogo katika makusanyo ya sekta kuwa umefikia takribani asilimia 40. Hawakuhubiriwa uzalendo tu. Waliona kuuza kwa njia halali kunalipa.

Hata hivyo, malipo kwa matokeo yana upande mwingine ambao haupaswi kufumbiwa macho. Mwezi Novemba 2015, katika machimbo ya Nyangarata wilayani Kahama, wachimbaji watano waliokolewa wakiwa hai baada ya kunaswa siku 41 chini ya ardhi. Anayelipwa kwa mgao hubeba hatari ya mwamba na hatari ya soko kwa pamoja. Akivunjika mguu wiki ya pili, hana hesabu ya siku alizofanya kazi, kwa sababu siku haikuwa kipimo. Na anayejua kuwa asiposhuka hapati kitu atashuka hata matimba yakiwa yameoza.

Kipimo chenyewe nacho kina tundu. Mawe yakisagwa na kuoshwa, zebaki mara nyingi hukamata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo. Inayosalia hubaki kwenye mchanga uitwao marudio, na mara nyingi marudio humbakia mwenye karasha au mwenye mwalo wa kuoshea, ambaye huyauza kwa wachenjuaji wa sayanaidi. Kwa hiyo mchimbaji hulipwa kwa dhahabu aliyoiona, huku nyingine aliyoichimba yeye mwenyewe ikizaa faida kwa watu wengine. Wanawake wanaoponda mawe wako mbali zaidi na mgao: wengi hulipwa kwa ndoo, hata mawe yakiwa na dhahabu nyingi kiasi gani.

Tatizo la malipo kuwasukuma watu kwenye hatari liko hata katika migodi mikubwa, kwa sura nyingine. Katika sekta hii duniani, bonasi ya uzalishaji mara nyingi huambatanishwa na rekodi ya usalama, ili tani zisikimbizwe kwa gharama ya watu. Wataalamu wa usalama kazini wameonya kuwa hata hilo huweza kugeuka: zamu nzima ikipoteza bonasi kwa sababu ya jeraha moja, aliyeumia hushawishika kukaa kimya.

Wanaofanya vizuri na walipwe, tena vizuri. Vijana wa machimbo ya Mgusu na Mwakitolyo hawashuki shimoni kutafuta vyeti. Kinachohitaji kubadilika ni hesabu. Mkataba wa mgao uandikwe, gharama za matibabu zitolewe kwanza kabla ya asilimia, na waponda mawe wawe na fungu lao. Marudio nayo yaingie kwenye mgawanyo. Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) lina vituo vya mfano Lwamgasa na Katente mkoani Geita vinavyochenjua kwa kaboni bila zebaki, njia ambayo ikisimamiwa vizuri huweza kutoa hadi asilimia 90 ya dhahabu. Mgao ukifanyika baada ya hatua hiyo, badala ya pale kwenye viroba, mchimbaji wa Lwamgasa atajua kwa mara ya kwanza alichimba gramu ngapi hasa.