Daftari Moja, Kalamu Mbili

Wanangu, tuanzie kwenye depo ya mchele pale Manguredjipa, magharibi ya Butembo, ambako barabara inaingia msituni na matope yanameza magurudumu ya lori. Depo hii nimeitunga mimi, lakini daftari lake mnalijua: mfuko ukiingia unaandikwa, ukitoka unapunguzwa. Makarani ni wawili. Asubuhi daftari linasema 40.

Karani wa kwanza anachungulia, anaona 40, anageuka kumpa mteja mifuko 10. Wakati huohuo wa pili naye anachungulia. Anaona 40 vilevile, maana mwenzake bado hajaandika kitu. Anauza 5. Wa kwanza anarudi, anafuta 40, anaandika 30. Wa pili anarudi na 40 yake kichwani, anafuta, anaandika 35. Jioni mwenye mali anahesabu ghalani: mifuko 25. Kumi imekwenda wapi? Muulizeni karani yeyote kati ya hao wawili, ataapa kwamba aliandika sawasawa, na atakuwa anasema kweli.

Shikeni hapo. Kosa limekaa katika ile nafasi nyembamba kati ya kutazama na kuandika. Watu wa kompyuta wanaliita mbio, kwa sababu matokeo yanategemea nani kawahi.

Sasa, kompyuta inayowatunzia wengine mafaili yao, iwe shuleni au ofisini, inaitwa seva ya mafaili. Wateja wake hawapangi foleni. Mamia wanaweza kubisha hodi kwa pamoja. Ndiyo maana kazi yake inagawiwa nyuzi nyingi, kila uzi kama karani mmoja, na zote zinasoma na kuandika katika kumbukumbu moja. Linux, mfumo alioutoa Linus Torvalds kwa mara ya kwanza mwaka 1991, ina seva ya namna hiyo iitwayo ksmbd. Iliingizwa mwaka 2021, tena ndani ya kerneli yenyewe, kile kiini kinachoendesha mashine nzima. Programu ya kawaida ikianguka, mara nyingi inaanguka peke yake. Kerneli ikianguka, inaanguka na nyumba yote.

Mbio zinachosha kuzitafuta. Unaijaribu programu mara elfu, inakwenda vizuri. Siku wateja wanapojaa, inavunjika. Ukiongeza mstari wa kuandika kinachotokea, uzi mmoja unachelewa kidogo na kosa linajificha. Fundi mzoefu hufanya kinyume: anaipanua ile nafasi kwa makusudi. Ni kama kumwambia karani wa kwanza, ukishatazama daftari, kanywe chai kwanza ndipo uje uandike. Hapo kosa linajitokeza kila siku, na mnaweza kulishika.

Dawa yake ni kufuli. Edsger Dijkstra, Mholanzi, aliandika mwaka 1965 jinsi ya kuhakikisha ni mmoja tu anayeingia mahali nyeti kwa wakati mmoja. Mwenye ufunguo anatazama, anauza, anaandika, ndipo anaukabidhi. Mwenzake anangoja.

Lakini kufuli nazo zina balaa lake. Dada wawili wanataka kutwanga sombe. Mmoja amekamata kinu, anangoja mchi. Mwingine amekamata mchi, anangoja kinu. Hakuna anayeachia, jua linazama, sufuria tupu. Huo ni mkwamo. Katika kerneli kuna maelfu ya vinu na michi, na kanuni inayookoa ni kufuata mpangilio mmoja: kila mtu aanze na kinu, ndipo achukue mchi. Mwaka 2006 Ingo Molnar aliiwekea Linux mlinzi aitwaye lockdep. Anaandika nani alichukua nini kwanza. Akiona leo uzi mmoja umeanza na kinu, na juzi mwingine ulianza na mchi, anapiga kelele, hata kama hao wawili hawajawahi kukutana jikoni. Naipenda sana kazi hii: inaonya kabla njaa haijaingia.

Turudi kwenye ksmbd. Mtu akiingia kwenye seva, anafunguliwa kikao, na ndani ya kikao kuna kumbukumbu inayosema yeye ni nani. Kikao kimoja kinaweza kuwa na njia kadhaa za kuingilia, kama nyumba ya milango miwili. Mei 2025 mtafiti Sean Heelan, akisaidiwa na modeli ya akili bandia, alieleza hitilafu iliyopewa namba CVE-2025-37899. Mlango mmoja unasema kwaheri; uzi wake unairudisha ile kumbukumbu kwa mfumo, ili igawiwe wengine. Kwenye mlango wa pili uzi mwingine bado unaisoma. Unaweza kujikuta unasoma vitu vya mtu mwingine, au vitu vilivyotegwa hapo na mwovu.

Mtu angesema: basi, ukishairudisha andika sifuri mahali pake, anayefuata ajue haipo. Haitoshi, wanangu. Huyu wa pili amekwisha kutazama. Sifuri inaandikwa nyuma ya mgongo wake. Marekebisho yaliyoingizwa yalifuta mistari michache: kuaga hakuondoi tena kumbukumbu ya mtumiaji. Inaondolewa kikao chenyewe kinapokwisha, wakati hakuna anayekishika.

Utajuaje kwamba hakuna anayekishika? Kwa kuhesabu. Wekeni bakuli mlangoni. Anayeingia chumbani anatia punje moja ya maharagwe, anayetoka anatoa moja, na anayetoa ya mwisho anazima taa. Jaribuni leo jioni. Zikibaki punje mbili na watoto wawili wakatoka pamoja, kila mmoja atachungulia, ataona mbili, atasema mimi si wa mwisho, atachukua yake na kwenda kulala. Bakuli tupu, taa inawaka hadi asubuhi. Kwa ajili ya watoto hao wawili, prosesa imepewa amri moja inayotoa punje na kusema zimebaki ngapi kwa pumzi moja, na mkono wa mwingine haupenyi katikati.