Na chura naye apigwe picha

Waswahili husema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Msemo huu tumeuzoea, na wanasiasa wetu wanaupenda sana wakati wa kampeni. Chura katika msemo huo ni kiumbe asiye na maana, anapiga kelele na hakuna anayemjali. Leo nataka tumzungumzie huyo huyo chura, pamoja na wanyama wengine wadogo wa porini kama panya na sange. Swali langu ni hili: nani anawapiga picha, na picha hizo zina faida gani?

Tuanze na mkoa wa Kigoma, kwani huo umejulikana duniani kwa picha. Bi. Jane Goodall alifika Gombe mwaka 1960 kuchunguza sokwe, na mwaka 1962 akafika mpiga picha Hugo van Lawick. Picha hizo ziliwafanya watu wa Ulaya na Marekani, ambao hawajawahi kuliona Ziwa Tanganyika, wawajue sokwe wetu kwa majina. Mwaka 1968 Gombe ikawa Hifadhi ya Taifa.

Lakini ukiuacha mwambao wa ziwa, ukapanda nyanda za juu hadi Kasulu na kuendelea mpaka Kibondo, habari ni nyingine. Waandishi wengi waliokwenda huko tangu mwaka 1993, wakimbizi wa Burundi walipoingia kwa wingi, walifuata habari za kambi. Nami nimekwenda kwa kazi hiyo, nikiwa na kinasa sauti changu begani. Msimu wa mvua, jua likishazama, mabonde ya huko hujaa sauti za vyura hata mahojiano ya nje hayarekodiki. Kuna vyura ambao kiangazi hujifukia ardhini, na mvua zinapoanza, Oktoba au Novemba, hutoka kutafuta wenza. Sauti yao tumeisikia wote. Sura zao ni wachache mno waliojali kuzitazama.

Pengine utaniuliza, chura wa Kasulu akikosa picha, taifa linapoteza nini? Jibu lipo mbali na Kigoma, kwenye milima ya Udzungwa. Mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme wa Kihansi ukiwa umeshaanza, wataalamu wa mazingira walimkuta korongoni chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyefika urefu wa sentimita 3, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Aliishi katika rasharasha za maporomoko yale tu, na hajapata kuonekana kwingineko duniani. Mtambo ulipoanza kazi, maji mengi yalielekezwa kwenye mashine na rasharasha zikapungua. Mwaka 2000 vyura karibu 500 walipelekwa Marekani kutunzwa. Waliobaki walipungua ghafla mwaka 2003, na ugonjwa wa ukungu ukatajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini. Vizazi vya wale waliopelekwa Marekani ndivyo vilivyoanza kurudishwa korongoni mwaka 2012.

Sasa fikiri, ndugu yangu. Kama wataalamu wale wasingepita pale mwaka 1996, chura wa Kihansi angekwisha bila mtu kujua kwamba alikuwepo, na kisichojulikana hakina wa kukitetea.

Milima hiyo hiyo ina habari ya furaha pia. Mwaka 2005 kamera zilizotegwa katika msitu wa Ndundulu, ambazo hujipiga zenyewe zinapohisi joto la mnyama anayepita, zilinasa picha za sange mwenye uso wa kijivu. Sange ni mnyama mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo, na huyu ana uzito wa gramu 700 hivi. Picha peke yake haikutosha. Wataalamu walirudi mwaka 2006, wakawakamata wachache na kuwapima, na mwaka 2008 ikatangazwa kwamba ni aina mpya kwa sayansi. Lakini bila picha ya kwanza, nani angejua wa kumtafuta?

Turudi Kasulu na Kibondo. Miombo ya huko inakatwa kwa kuni, mkaa na mashamba, na watu wanaongezeka. Mnyama mkubwa akikosa makazi huhama, na watu humwona akihama. Chura anayetegemea bonde moja hana pa kwenda, na bonde likilimwa huenda naye akaisha kimya kimya.

Kwa hiyo nawaomba vijana wenye simu za kamera, walimu wa sayansi na wasafiri wa njia ile wazingatie mambo machache. Kwanza, inama mpaka kamera iwe usawa wa macho ya mnyama, kwani chura aliyepigwa kutoka juu hutambulika kwa shida. Pili, mpige ubavuni, mgongoni na usoni, na uweke kipimo karibu yake, hata sarafu. Tatu, andika tarehe, saa, kijiji na alikokuwa, majini au juu ya tete. Picha isiyo na mahali wala tarehe ni pambo tu. Nne, usimshike wala kumhamisha ili picha ipendeze, na osha viatu vyako kabla ya kwenda bonde jingine, maana matope huweza kubeba ugonjwa. Tano, na hili nalisema kama mtu wa redio, rekodi sauti yake. Kuna vyura wanaofanana kwa sura ambao wataalamu huwatofautisha kwa mlio.

Kisha usiifungie picha hiyo simuni. Ipeleke ofisi ya maliasili ya wilaya, au kwa walimu wa elimu ya wanyama wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ng'ombe ataendelea kunywa maji yake kama kawaida. Sisi binadamu, tunaoamua bonde lipi lilimwe na lipi liachwe, ndio tunaopaswa kuzisikia kelele zile na kujua ni za nani.