Chanjo Haipimwi kwa Kilo

Unajua ile hesabu ya dawa ya homa: mtoto mdogo, kijiko kidogo. Wengi wetu tunaibeba hadi kliniki, halafu tunashtuka. "Huyu wa miezi 6 anadungwa ya nini tena, na mimi mkubwa sijadungwa?" Skiza, chanjo haifuati mizani.

Dawa lazima itoshe mwili mzima. Chanjo ni kama picha ya mshukiwa unayomwonyesha askari. Askari akiwa mnene, hauhitaji picha kubwa zaidi. Ndiyo maana chanjo ya surua ni mililita 0.5 kwa mtoto na kwa mtu mzima. Ya hepatitis B, mtoto hupewa nusu. Ya dondakoo ndiyo kali: mtoto hupewa nyingi kuliko mamake! Mwili wa mama ulishaiona ile picha zamani. Unakumbushwa tu, na ukizidishiwa, mkono unavimba.

Sasa tuje nyumbani. Septemba 13, 2019, chanjo ya malaria RTS,S ilizinduliwa Ndhiwa, Homa Bay. Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti 8 za magharibi zilizochaguliwa. Watu wazima kwenye majaribio ya awali walipewa mikrogramu 50. Kule Gambia watoto walijaribiwa kwa 10, 25 na 50, na ikachaguliwa 25. Kwa hivyo hiyo nusu hakuna aliyeikisia. Ilitafutwa kwa watoto wenyewe.

Na mbona isianze wiki ya 6 kama zile zingine? Ilijaribiwa pia, hata hapa kwetu Siaya, Kombewa na Kilifi. Walioanza wakiwa na wiki 6 hadi 12 walipata kinga ndogo kuliko walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17. Wewe mkubwa uliyekulia kando ya ziwa umeumwa na mbu miaka yote, mwili wako umejifunza kiasi. Mtoto hajajifunza, na malaria huua zaidi walio chini ya miaka 5.

Shida iko kwa dozi ya mwisho. Kenya ilianza na ratiba ya miezi 6, 7, 9, kisha 24. Hizo tatu za kwanza mama anakumbuka, kliniki bado iko akilini. Baadaye mtoto anakimbia, anakula ugali, nani anawaza sindano? Kumbe kinga inaendelea kushuka, na dozi ya 4 ndiyo huipandisha tena.

Kwa hivyo wikendi hii ukienda ocha, mwombe dada yako kile kijitabu cha kliniki. Angalia mstari wa malaria. Kama dozi ya 4 haijajazwa, mpeleke mtoto kwa muuguzi, hata kwa boda. Na neti isitolewe kitandani, chanjo haizuii malaria yote.