Mabaki ya mkonge na kiza cha umeme kukatika

Wasomaji wetu wa Unguja hawahitaji kukumbushwa. Disemba 2009 umeme utokao Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na haukurejea ila Machi 2010. Kwa takriban miezi mitatu pampu za maji zilinyamaza, ndoo zikapangwa foleni, na taa ikawa ya mwenye jenereta na fedha za kuilisha mafuta.

Tukajiuliza: je, hapana nishati iliyo karibu na mlango wetu, isiyovuka bahari wala kungoja meli? Mfano mmoja tunaupata Hale, mkoani Tanga, ambako kabla ya mwaka 2010 kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kilowati 150 wa kutumia gesi ya mabaki ya mkonge.

Jani la mkonge hutoa singa kidogo mno, takriban 4 tu kwa kila 100 ya uzito wake. Kilichosalia aghalabu hutupwa, kikaoza, kikanuka na kuchafua mito. Mabaki hayo yakifungiwa ndani ya tangi lisiloingiza hewa, vijidudu huyageuza kuwa gesi iwakayo, nayo huendesha injini ya jenereta. Tope linalobaki ni mbolea. Na gesi huwekwa akiba: jua likisha kuzama na adhana ya Magharibi ikasikika, yenyewe ingalipo.

Hata hivyo lipo jambo ambalo wengi hawaambiwi. Mtambo mdogo uliounganishwa na gridi ya taifa hutakiwa kujizima gridi inapozimika, usije ukamuua fundi aliye juu ya nguzo akidhani waya hauna umeme. Basi kijiji chaweza kukaa gizani ilhali tangi limejaa gesi! Dawa yake ni swichi ya kukitenga kijiji na gridi, pamoja na kidhibiti cha kulinganisha nguvu ya injini na matumizi. Wala umeme huo mdogo hautoshi pasi na kila mtu. Kwetu sisi, zahanati na pampu ya maji vitangulie. Msikiti hautapungukiwa, kwani maji ya udhu yatokea pampu hiyo hiyo.

Kwa hiyo wazee wa kijiji wakiletewa mradi wa namna hii, waulize kabla saruji haijamwagwa: umeme wa gridi ukikatika usiku, swichi hiyo iko wapi, na ufunguo wake anao nani?